Picha ya ndege: umvute karibu au umpige na mazingira yake?

Huu ubishi hauishagi. Kwa gharama picha pana, yaani ya ndege na mazingira yake, inashinda mapema, simu tu inatosha, ila ya karibu inataka lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali, 400mm mpaka 600mm, nzito, ghali, na fangasi ikiingia kwenye kioo kwa sababu ya unyevu ndo basi tena.

Kugusa moyo? Hapo ya karibu haina mpinzani, mtu akiona jicho la mdiria na tone la maji bado linaning'inia mdomoni lazima asimame, hata kama ndege hawamhusu kabisa. Sasa muulize mtu huyo, ndege mwenyewe anaishi wapi, hajui, maana nyuma yake kote kumefifia, kijani tupu. Picha pana inaonyesha matete, maji, na ule upande ambao miti imeshakatwa, na ukirudi kupiga palepale kila mwaka unapata ushahidi. Shida ndege anabaki kadoti.

Lenzi ndefu pia inakuweka mbali na ndege, ingawa kwenye kiota usisogee kabisa, mzazi akikimbia mayai yanapoa.

Unataka watu wawapende ndege? Vuta karibu. Unapambana na wanaotaka kufukia kinamasi? Piga pana.