Kamera ya filamu ya mtumba: ipi ununue ikiwa utaisafisha mwenyewe

Ukienda kutafuta kamera kuukuu ya filamu, muuzaji ataanza kukuonyesha ile inayong'aa. Usiikimbilie. Vumbi, jasho lililogandia kwenye vitufe na ngozi iliyobanduka ni kazi ya jioni moja kwa pamba na spiriti. Vinavyomaliza hela ni kuvu ndani ya lenzi na umeme uliokufa. Kwa hiyo nimezipanga kamera hizi nne kwa kuangalia unachoweza kutengeneza juu ya meza yako ya kulia. Kwa picha, zote zinatosha.

Namba moja ni Pentax K1000, na haina mpinzani. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, hivyo hazijaadimika. Shata yake, yaani pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga ufike kwenye filamu, inaendeshwa na springi tu. Kibetri kimoja cha LR44 ni cha kipimamwanga. Betri ikiisha, unaendelea kupiga. Kipimo hicho hakina swichi, basi usipoitumia kamera funika lenzi, la sivyo betri italiwa bure.

Ugonjwa wake wa kawaida ni sponji. Fungua mgongo, utaona mfereji mwembamba juu na chini, na utepe upande wa bawaba. Sponji nyeusi ya kiwandani huoza ikawa kama lami, mwanga ukapenya na kuchora mistari kwenye picha. Chovya kijiti cha meno kwenye spiriti, kwangua taratibu huku kamera umeiinamisha ili makombo yaanguke nje, yasiingie kwenye pazia la shata. Badilisha kijiti mara kwa mara, maana kichafu kinarudisha uchafu uleule. Mfereji ukishakuwa safi, laza ndani yake uzi mweusi wa sufu. Kwenye bawaba bandika kipande cha sponji nyembamba yenye gundi.

Pazia lenyewe ni kitambaa, usiliguse. Kile kioo cha ndani nacho kimepakwa tabaka la kuakisi upande wa juu, si nyuma kama cha kujitazamia, kwa hiyo ukikifuta kwa kitambaa unakikwaruza. Kipulizie tu kwa pampu ya mpira. Ile ya kunyonyea kamasi za watoto inafaa, ikiwa mpya bila shaka.

Namba mbili ni Olympus Trip 35, ya 1967 hadi 1984. Haitumii betri kabisa: duara la seleni, madini yanayozalisha umeme yakipigwa na mwanga, linaloizunguka lenzi ndilo linalopima mwanga. Zungusha pete ya lenzi hadi kwenye A, yaani ijipimie yenyewe, funika lenzi kwa kiganja na ubonyeze. Kibendera chekundu kitokee ndani ya kitafutio, kile kidirisha cha kuchungulia, na shata ikatae. Kisha ielekeze dirishani, sasa ikubali. Ikikataa hata kwenye jua, seleni imechoka au vijibati vya ndani ya lenzi vinavyopunguza au kuongeza mwanga vimenatana kwa mafuta. Hapo rudisha, chukua nyingine.

Zenit-E, kutoka kiwanda cha Krasnogorsk jirani na Moscow, ni ya tatu. Ni nzito, kitafutio chake kina giza, na kasi za shata yake zinaanzia 1/30 ya sekunde kuishia 1/500. Lakini nyingi huja na lenzi ya Helios 44-2, ambayo ukipata adapta utaifunga hata kwenye kamera ya dijitali. Kipimamwanga kikifa usijali, hakijaungwa na shata. Pima mwanga kwa programu ya simu.

Ya mwisho ni Canon AE-1, na najua nitachukiwa. Ilitoka 1976, ni nzuri, kila mtu anaitaka, na ndiyo sababu bei yake haishikiki. Shida ni kwamba shata yake inategemea umeme: bila betri ya volti 6 haipigi. Nenda na betri yako mfukoni, ya 4LR44, uijaribu palepale. Ikilia kwa kukwaruza ukipiga, gia zinazoinua kioo cha ndani zimekauka. Tone la mafuta huziponya, ila likienda pasipo pake, shata ndiyo basi tena.

Vile vikamera vidogo vyenye flashi ya ndani sijaviweka kwenye orodha. Kapasita ya flashi, kile kihifadhi umeme, inaweza kubaki na takriban volti 300 hata betri ikiwa nje. Usivifungue.

Kamera yoyote utakayochagua, mulika tochi kupitia lenzi kutoka nyuma. Ukiona vinyuzi vyembamba vimetawanyika, hiyo ni kuvu, na Mombasa, Tanga au Unguja utaiona sana. Ikiwa juu ya kioo cha nje inafutika. Ikiwa ndani, huenda imeshakula tabaka jembamba lililopakwa kwenye lenzi. Ukishanunua, usiihifadhi kwenye mkoba wake wa ngozi, unashika unyevu. Tafuta kopo la mfuniko unaobana na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Fungua pia kifuniko cha betri. Ukoga mweupe au wa kijani hutoka kwa siki au ndimu kwenye kijiti cha pamba, kisha spiriti. Na kama sponji imeyeyuka, guna, tikisa kichwa, umwachie muuzaji ashushe bei mwenyewe. Uzi wa sufu huhitaji kumtajia.