Wakili mzoefu wa kesi za ndoa: pesa yako inakwenda wapi

Anayeweka wakili wa talaka hudhani analipia maneno ya mahakamani. Hapa Tanzania, uzoefu wa wakili huonekana mapema zaidi: ni pale anapokuomba Fomu Namba 3 na kuisoma mstari kwa mstari kabla hajataja ada.

Fomu hiyo hutolewa na Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kwa kifungu cha 106(2) cha Sheria ya Ndoa ya 1971, shauri lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu itolewe, nayo ithibitishe kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Kesi nyingi hufia hapa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema "waendelee mbele" si fomu. Ukifungua shauri kwa barua hiyo, rufani inaweza kufuta kila kitu, mgawanyo wa nyumba ukiwamo, mkaanza upya barazani. Mzoefu anajua pia lini baraza linarukwa, mfano mwenzi ametelekeza na hajulikani aliko.

Kwenye mali ndipo ada inaporudi. Mzoefu haridhiki na "tulijenga wote". Anataka mkataba wa mauziano, risiti za saruji na mabati, miamala ya benki. Kama nyumba ya ndoa iko hatarini kuuzwa, hukimbilia kuiwekea zuio kwa kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo. Mke asiye na mshahara humjengea hoja juu ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu (1983), ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Wachanga huinukuu kesi hiyo wakatulia. Wanasahau kwamba Bi. Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa fedha alizopewa na mumewe alizifuja. Mzoefu atakuuliza hayo mapema, hata kama yanakera.

Kasoro kubwa ya huduma hii ni ada ya mkupuo isiyosema inaishia wapi. Dai mkataba wa maandishi unaotaja kama rufani (siku 45) na utekelezaji wa hukumu vimo. Hakiki leseni yake kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, maana huhuishwa kila mwaka. Na kama hamgombanii mali wala watoto, ada kubwa ya nini? Nendeni kwa watoa msaada wa kisheria, kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), wawaandikie maombi.