Plasta za mwanangu anayetembelea vidole: tulivyopitia

Mwanangu ametembelea ncha za vidole tangu hatua zake za kwanza. Mama mkwe akasema ataacha mwenyewe, na kweli wengi huacha wakifika miaka mitatu hivi. Wangu alifika mitano, ndala zake zimelika mbele hadi kutoboka, nyuma bado mpya kama za dukani.

Hela ya kwanza niliipoteza. Kliniki moja iliniuzia buti ngumu za "kumnyoosha". Nilipotia kidole ndani, kisigino kilikuwa kinaning'inia tu, hakigusi soli.

Hospitali tuliyoenda baadaye Kampala hawakuanza na mguu. Daktari alimkalisha sakafuni akamwambia ainuke, aone kama atajishika mapajani, maana hiyo huwa dalili ya ugonjwa wa misuli. Akamgonga magoti kwa kinyundo. Akaniuliza alivyozaliwa, anavyoongea, anavyocheza na wenzake, ili tusije tukawa tunahangaika na kisigino kumbe ni mtindio wa ubongo au usonji. Hakukuta kitu. Ni mazoea, ila kano ya kisigino imeshafupika: goti likinyooka, unyayo hauinuki hata kufika digrii 90 na mguu.

Mazoezi peke yake tulikuwa tumechelewa. Upasuaji wa kurefusha kano, akasema, uwe wa mwisho. Niliuliza sindano ya botox, dawa ya kulegeza misuli, nikaambiwa ukiiongeza juu ya plasta ngumu, ile kama ya waliovunjika mguu, haileti tofauti ya maana. Basi plasta.

Ilikuwa miguu yote miwili, kutoka chini ya goti, wiki mbili mbili, mara tatu. Kila ikibadilishwa unyayo unainuliwa kidogo zaidi. Anatembea nazo. Usiku wa kwanza na wa pili alilia, halafu kikabaki kero ya kuwashwa. Kuoga ni kaveera, mfuko wa plastiki, na mpira wa kuubana chini ya goti, na bado plasta ya pili ilitulainikia: tulikuwa tunarudi nyumbani Bombo, mvua ikatukuta Bwaise, mtaa wa bondeni hapo Kampala, na Bwaise mnaijua ikijaa maji. Ikabidi turudi kesho yake kufungwa upya, na kulipa upya.

Msumeno wa kukatia ndio uliomtia kiwewe. Fundi akauwasha, akauweka kwenye kiganja chake mwenyewe, haukukata. Mtoto akanyamaza, akataka naye ajaribu.

Ilipotolewa ya mwisho, mashavu ya miguu yalikuwa yamesinyaa, akatembea kama mzee siku kadhaa. Hilo hawakuniambia mapema, nami nilihesabu kama kosa lao. Sasa analala na viatu vya plastiki vya kushika kifundo, na kila jioni tunasukuma ukuta, visigino chini.

Ni miezi minane. Visigino vinagusa ardhi, hata pekupeku. Akichoka, au baba yake akitokea getini, hupanda tena juu ya vidole, na daktari alishatuonya kwamba inaweza kurudi.

Mnaokwenda: siku ya plasta mvisheni kaptula pana. Suruali ya shule haipiti, mimi niliichana mshono palepale kitandani.