Ukoo wa Isabel de Clare: tuufuate kwa baba au kwa mama?

Wapenzi wa nasaba hubishana sana kuhusu bibi huyu, aliyefariki mwaka 1220. Baba yake, Richard de Clare aliyeitwa Strongbow, alikuwa bwana Mnormani, yaani wa asili ya Normandy huko Ufaransa. Mama yake, Aoife, alikuwa binti wa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster huko Ireland. Walioana Waterford mwaka 1170.

Kwa uhakika wa kumbukumbu, baba yuko mbele. Babu wa babu yake Isabel, Richard fitz Gilbert, ameandikwa katika Domesday, daftari la ardhi la Uingereza la 1086. Ukipanda zaidi unafika kwa watawala wa Normandy, japo kupitia mwana wa nje ya ndoa. 

Kwa urefu wa nasaba, mama anashinda. Waairishi walitunza nasaba kama hazina, ila ukienda mbali mno wafalme hugeuka kuwa hekaya. Mimi huko natembea kwa tahadhari.

Mali? Kwa baba, Chepstow huko Wales na maeneo yake. Kwa mama, dai la Leinster nzima. Kaka yake alipofariki angali mdogo, vyote vikamwangukia Isabel, na mumewe William Marshal, waliyeoana 1189, akatajirika ghafla.

Unayetaka ushahidi wa maandishi, anza na akina Clare. Unayechunguza ardhi ya Ireland, au kwa nini iligawanywa kwa mabinti watano wa Isabel au warithi wao baada ya 1245, huwezi kumkwepa Aoife.