Kununua 4x4 kuukuu: lipi linaonya kabla ya kuharibika?

Anayetafuta 4x4 ya miaka ya 90 kwa ajili ya shamba au kazi ya safari huuliza kwanza bei, kisha kilomita. Kilomita za gari la umri huo hazisemi mengi, maana dashibodi inaweza kuwa imebadilishwa au kurudishwa nyuma. Uliza hivi: likianza kuharibika, litanijulisha mapema? Na fundi wa karibu yangu ataipata spea yake? Nimeyapanga magari haya kwa kipimo hicho, starehe nimeiweka pembeni.

Kwa mnunuzi wa Kenya kuna jambo la ziada. Gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo la miaka ya 90 utakalolipata limeshapigwa na barabara zetu muda mrefu. Lala chini ya gari kabla ya kutazama rangi.

1. Land Cruiser 70 yenye injini ya 1HZ

Hii ndiyo mkonga iliyojaa Arusha kwenye kazi ya kupeleka watalii mbugani. Ina injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina taabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Imekuwa sokoni tangu 1990, na hata miji midogo ina mafundi waliokwisha kuifungua.

Udhaifu wake mkubwa ni taimingi belti, mkanda unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa inayowaka muda ukifika. Lakini mtu anaweza kuizima taa hiyo bila kuigusa belti. Belti ikikatika, valvu na pistoni vinagongana, na hapo unazungumzia kuovahoo injini. Muuzaji asiye na risiti ya belti mchukulie kuwa hakuibadilisha. Weka mpya pamoja na tenshina (kikaza belti) yake, na nunua halisi.

Kisha tazama nyuma ya tairi za mbele, kwa ndani. Utaona tufe la chuma ambalo tairi hugeukia juu yake unapokata usukani. Lifute kwa kitambaa. Utando mwembamba wa grisi hauna neno. Ukikuta uji mweusi, mwepesi, unaotiririka kuelekea kwenye rimu, ujue oili ya difu imepita kwenye seli ya ndani (mpira wa kuzuia oili) na kuilainisha grisi. Dawa yake ni kufungua habu, kubadilisha seli zote, kuosha beringi na kupaka grisi mpya. Gereji nyingi zinaimudu kazi hiyo, kwa hiyo usilikimbie gari. Itumie kuteremsha bei.

Ambayo ningeiacha kabisa ni 1HZ iliyofungwa taabo mtaani. Injini hii haikuundwa kwa joto hilo, na silinda hedi hupata nyufa.

2. Nissan Patrol yenye TD42

Kwa uimara wa injini ningeiweka sawa na Land Cruiser. TD42 nayo ni dizeli ya lita 4.2, na taimingi yake inaendeshwa kwa gia, hakuna belti ya kukatika. Imeshuka hadi nafasi ya pili kwa sababu ya spea tu: si kila mji una duka lenye vitu vyake. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa kati, anza na bushi za ekseli ya mbele. Yenye ZD30 ya lita 3.0 iache, ina historia ya kutoboa pistoni.

3. Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi

Wengi wataniuliza mbona gari linalovuja kila mahali liko juu ya Prado. Ni kwa sababu linaonya. Oili inadondoka, maji yanapungua, giaboksi inagonga unapoachia mafuta. Kila ugonjwa una dalili yake, na kazi kubwa hufanyika kwa spana za kawaida.

Chini ya kava ya taimingi kuna tundu dogo linalozibwa kwa plagi. Kama limezibwa, fungua. Oili ikitoka, kuna seli imekwisha. Ukitoka unga mweusi wa mpira au nyuzi za belti, puli hazijakaa sawa na belti inaliwa ubavuni. Lisiondoke hapo kabla halijarekebishwa.

Bodi ni ya aluminiamu na inaweza kung'aa huku chasisi ya chuma ikiwa imeoza. Chukua nyundo ndogo, gonga boriti ya nyuma kabisa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mlio mfu. Kwa gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja, kipimo hiki usikiruke. Maji ya rejeta nayo yakague kila asubuhi, maana hedi ya 300Tdi haisamehi kuchemsha.

Injini ya Td5, iliyofuata kuanzia 1998, ina kompyuta. Oili hupenya kwenye waya za nozeli ikasafiri hadi kwenye plagi nyekundu ya kompyuta. Ichomoe, ukikuta oili, hapo ndipo injini inapoanzia kukosa.

4. Prado 90 (1996–2002)

Starehe inayo, lakini haionyi. Dizeli ya 1KZ-TE ina hedi inayopasuka ikichemka. Nenda alfajiri injini ikiwa baridi, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Iwashe, ushike mpira wa juu wa rejeta: ukikakamaa ndani ya dakika chache kabla injini haijapata moto, gesi inaingia kwenye maji. Agana naye.

Hatari zaidi ni bolijointi za chini za mbele, yaani viungo vinavyoshikilia tairi za mbele. Uzito wa gari unazivuta zitengane, na ikichomoka tairi linalala chini ya bawa. Badilisha zote mbili hata kama fundi anasema bado nzima. Ya petroli ya lita 2.7, bolijointi zikiwa mpya, ningeipandisha juu ya Land Rover.

5. Pajero ya dizeli ya 2.5

Bei inavutia, ila hedi hupasuka na belti ni mbili, ya taimingi na ya mizani (inayozungusha shafti za kupunguza mtetemo). Ya mizani ikikatika huweza kunaswa kwenye ya taimingi.

Lolote utakalochagua, kabla ya kulipa linganisha namba iliyogongwa kwenye chasisi na ya kwenye kadi, kwa macho yako mwenyewe. Fungua pia plagi ya difu: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Na tenga walau robo ya bei ya kununulia kwa matengenezo ya mwanzo. Kama haibaki, tafuta gari la bei ya chini zaidi.