MuseScore na maneno ya wimbo: kistari, ng' na herufi za lugha zetu za Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu wa kwaya wa Mbeya, Tukuyu au Iringa anayetaka kuchapa nota kwa kompyuta bila kulipia leseni ataelekezwa upesi kwenye MuseScore, programu ya bure inayofanya kazi katika Windows, Mac na Linux, ambayo toleo lake la 4 lilitoka Desemba 2022. Uhakiki huu unahusu jambo moja tu, nalo ni namna programu hiyo inavyoyashughulikia maneno yanayokaa chini ya nota.

Unachagua nota ya kwanza, unabonyeza Ctrl na L, kisha unaandika silabi. Kitufe cha nafasi kinafunga neno na kukupeleka kwenye nota inayofuata. Kistari nacho kinakupeleka huko huko, ila kinaijulisha programu kwamba neno bado linaendelea. Hapa ndipo ninapoisifu kwa dhati, kwa sababu kistari hakihifadhiwi kama herufi, bali kama uhusiano: silabi hii inaanza neno, hii iko katikati, hii inalimaliza. Nota zikisogezwa, kistari kinasogea nazo na kubaki katikati ya silabi zake. Uhusiano huo huo hubebwa na faili za MusicXML, zinazotumika kuhamisha kazi kutoka programu moja kwenda nyingine, na umuhimu wake umeongezeka tangu Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ilipotangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu yake ya kuchapa nota.

Programu haikati maneno yenyewe. Kazi hiyo ni ya mchapaji, na Kiswahili kina mambo yake. «Mtakatifu» ina silabi tano, kwa kuwa M inasimama peke yake: M-ta-ka-ti-fu. «Mwokozi» ina tatu tu: Mwo-ko-zi. Katika «mbali», m na b hazitenganishwi, ilhali «nchi» ni n-chi, na mtunzi aliyeipa nota moja anataka iandikwe nzima bila kistari. Neno «Mwana-Kondoo», ambalo wengi huliandika kwa kistari, halileti shida yoyote, kwani kistari chake kinakuwa kimojawapo cha vile vinavyotenganisha silabi. Ninashauri maneno yote yakatwe kwanza kwenye karatasi, yaimbwe, ndipo yachapwe. Ukiwa na maandishi yaliyokwisha kukatwa kwa vistari, unaweza kuyanakili na kuyabandika kwa Ctrl na V, silabi moja kwa kila nota, na kazi inakwenda haraka sana.

Silabi moja ikiimbwa kwa nota nyingi, lazima kutofautisha: ikiwa neno bado linaendelea, bonyeza kistari mara kadhaa hadi ufike kwenye nota ya silabi inayofuata, ikiwa ndiyo silabi ya mwisho, tumia mstari wa chini (_), ambao huchora mstari mrefu hadi nota ya mwisho. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye kwaya zetu huchanganya alama hizi mbili, na mwimbaji mgeni hajui kama neno limekwisha. Pale maneno mawili yanapogawana nota moja, kama «na u» katika «na uzima», Ctrl na kitufe cha nafasi huweka nafasi bila kuruka nota, na katika jedwali la herufi maalumu kipo kitao kidogo (‿) cha kuyaunganisha.

Kuhusu ng', alama yake si amri kwa programu, hivyo inakaa salama: i-na-ng'a-a. Tatizo huja na maandishi yaliyokusanywa kutoka kwenye simu na nyaraka mbalimbali, ambamo alama iliyonyooka (') huchanganyika na iliyopinda (’). Chagua moja na uitumie wimbo mzima. Kuiacha kabisa ni kosa kubwa, kwa kuwa mwimbaji ataimba «inangaa».

Nyimbo za Kinyakyusa zinahitaji uangalifu zaidi. Lugha hiyo ina irabu saba, na tahajia inayotumia ɨ na ʉ huzitenganisha na i na u za kawaida. Programu inazipokea herufi hizo, lakini fonti isiyokuwa nazo husababisha umbo liazimwe kutoka fonti nyingine, na neno linaonekana kama limeshonwa viraka. Badilisha fonti ya maneno iwe Charis SIL au Gentium, ambazo ni za bure na zilitengenezwa zikiwa na herufi hizo.

Kwa kwaya zinazosoma solfa, yaani nota za herufi (d, r, m), siwezi kuisifu vivyo hivyo. Katika solfa kistari kinaashiria kwamba sauti inaendelea, na ukiiandika solfa mahali pa maneno, programu inakichukua kama amri ya kuruka nota. Unaweza kuweka mstari mrefu zaidi (–) kutoka kwenye jedwali la herufi maalumu, lakini kuandika sauti nne za wimbo mzima kwa namna hiyo ni kazi ya kuchosha. Ikiwa kwaya yako haitumii nota za mistari mitano, ningekushauri uandike solfa kwa jedwali katika programu ya kawaida ya maandishi.

Ukimaliza, peleka stesheneri faili ya PDF badala ya faili ya MuseScore, kwa sababu PDF hubeba fonti ndani yake, na ɨ uliyoiweka itatoka kwenye karatasi kama ulivyoiona kwenye kioo.