Migahawa ya mtaani: upi wa kurudia, upi wa kukwepa

Mgahawa wa mtaani upime Jumanne. Jumamosi usiku kila jiko linajitahidi: mpishi mkuu yupo, wahudumu wamekamilika, na wateja ni wengi kiasi kwamba hakuna sufuria inayolala. Jumanne saa mbili usiku, nusu ya meza zikiwa tupu, ndipo utakapojua kama hawa watu wanapika au wanapasha moto tu. Na wewe unayeishi jirani nao utakula hapo Jumanne nyingi kuliko Jumamosi.

Wasafiri wana mizani yao. Michelin, kampuni ya matairi, ilianza kuipa migahawa nyota mwaka 1926, na nyota tatu, ngazi ya juu kabisa, maana yake ni mgahawa unaostahili kufungiwa safari. Ni mizani ya muuza matairi, wala simlaumu. Sisi wa mtaani tunatafuta pa kwenda na kandambili, tushibe, tulipe bila kuumia, na wiki ijayo turudi. Kwa kipimo hicho, mimi naipanga hivi.

Nafasi ya kwanza naupa mgahawa mdogo wenye menyu fupi, ambao mwenye mali yuko jikoni au kwenye kaunta. Ufupi wa menyu una hesabu ndani yake. Kwa kawaida vyakula vibichi humla mwenye mgahawa karibu theluthi moja ya bei unayolipa, na kila kinachooza kinatoka kwenye faida yake. Mwenye vyakula 8 kwenye menyu hununua vya kuisha leo. Mwenye vyakula 80 hawezi. Lazima hasara aifiche mahali, na kwa kawaida huificha kwenye friza, au kwenye mchuzi mmoja unaovaa majina sita.

Namna ya kumjua ni rahisi. Ukikaa, kabla hujaagiza, muulize mhudumu kipi kimeisha. Kwenye mgahawa mzuri atakujibu papo hapo, bila kugeuka kutazama jikoni: "Samaki wameisha, kaka. Kuku bado, ila subiri kidogo, ndiyo anaingia motoni." Huyo anajua kilichoingia asubuhi na kilichobaki sasa. Akikuambia vyote vipo na vyote vitamu, saa tatu usiku, ukumbi hauna watu, agiza yai la kukaanga na ujiondokee salama. Subira nayo ni dalili. Chakula kinachopikwa baada ya oda huchukua muda wake. Nyama ya kuchoma ikikufikia kabla hujamaliza kunawa mikono, ilikuwa imeshaiva tangu zamani.

Nisiufanye mgahawa huu malaika. Chumvi hufuata hali ya mpishi. Mwenyewe akiugua, mlango umefungwa, hakuna tangazo. Meza zikijaa utasimama nje na njaa yako ukiwatazama wenzako wakitafuna polepole. Hata hivyo ndio pekee ambao ukilalamika leo, anayekusikiliza ndiye anayeweza kurekebisha kesho. Kwingine kote malalamiko yako yanaishia kwa kijana wa zamu.

Wa pili ni mgahawa wa chakula cha kigeni, kwa sharti moja: wenye chakula chao nao wawe wanakula hapo. Tazama meza zao, si menyu yako. Mara nyingi kuna kitu kinachotoka jikoni ambacho hakijaandikwa popote, au kimeandikwa kwa lugha yao peke yake, na hicho ndicho mpishi anachokipika akiwa na moyo. Ulicholetewa wewe kimepunguzwa pilipili na kuongezwa sukari kwa kudhani huwezi. Elekeza kidole meza ya jirani, useme unataka kile. Ukikuta wateja wote ni watu wa mtaani kama wewe na hakuna hata mmoja wa kwao, mgahawa unashuka nafasi mbili bila mjadala.

Wa tatu ni jiko la kuchukua na kuondoka, lile lenye dirisha na benchi moja. Hapa wengi hukosea kuagiza, halafu lawama anapata mpishi. Chakula cha kukaanga hakipendi kufungiwa: mvuke wake unakosa pa kutokea, unarudi kwenye ganda, na dakika kumi baadaye kilichokuwa kinakatika kwa mlio kimekuwa laini kama sponji. Kile kile dirishani, cha moto, ukala umesimama, ni kitu kingine. Mchuzi, maharage na nyama iliyochemka taratibu vinasafiri vizuri sana. Baadhi hata vinanoga zaidi vikifika nyumbani. Basi cha kukaanga ukile pale pale, cha mchuzi ubebe.

Na kabla hujalipa, nusa. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi mno hubadilika: huwa meusi, hutoa povu jepesi lisilokatika hata kikaango kikiwa tupu, na viazi hunuka samaki wa jana. Ufaransa ina kikomo cha kisheria kwa hali hii; misombo inayotokana na kuharibika kwa mafuta ikizidi asilimia 25, mafuta hayo hayafai tena. Wewe huna kipimo hicho, lakini pua inatosha. Kuhusu kuletewa mlangoni kwa programu ya simu, fahamu kwamba kamisheni ya kampuni hizo inaweza kufika asilimia 30 ya oda, na fedha hiyo lazima itoke mahali: bei imepanda kimyakimya, au kipande kimepungua. Kama ni mwendo wa dakika tano, nenda mwenyewe.

Wa nne, matawi ya kampuni kubwa. Sitasema mengi kwa sababu hakuna mengi: utapata kile kile ulichopata mara iliyopita, choo ni safi, mtoto hatalia. Ukiwa umechoka kufikiri, hapo ni pazuri.

Hapa niingize jambo la nyota za mtandaoni, maana ndizo zinazowapeleka watu wengi siku hizi. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard Business School alichambua mapato ya migahawa ya Seattle, Marekani, akakuta kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, tovuti ambako wateja huandika maoni na kutoa nyota, iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na ongezeko lote lilikuwa kwa migahawa ya watu binafsi. Matawi ya makampuni hayakuguswa, kwa kuwa kila mtu anajua tayari atakachokuta. Maana yake ni kwamba mwenye mgahawa mdogo ana sababu kubwa ya kutamani nyota, na baadhi huzitafuta kwa njia za panya. Luca huyo na Georgios Zervas walichapisha utafiti mwingine mwaka 2016: katika maoni ya migahawa ya Boston, karibu asilimia 16 yalikuwa yamechujwa na Yelp kwa kushukiwa kuwa ya uongo. Kwa hiyo wastani siuamini sana. Nasoma waliotoa nyota tatu, wa miezi ya karibuni, wanaotaja chakula kwa jina. Anayeandika kwamba supu ilikuwa nzuri ila wali ulikuja baridi alikula pale kweli. Anayeandika "huduma bora, mazingira mazuri, nitarudi" huenda hata hajaufungua mlango.

Wa tano ni mgahawa wa familia wenye menyu nene kama daftari la shule. Unafaa pale mnapokuwa watu kumi, mmoja wenu hali nyama, mwingine anataka pasta, bibi anataka supu isiyo na pilipili. Usiende peke yako. Ukienda, agiza kile unachokiona kwenye meza tatu tofauti. Hicho kinapikwa kila siku, vingine vimeandikwa tu.

Bafe naiweka ya sita, na wanaoipenda wanisamehe. Tatizo ni saa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2. Sasa simama mbele ya trei ya wali saa tisa alasiri. Pembeni umeshika ukoko mgumu wa rangi ya njano, katikati kuna shimo la vijiko vya waliokutangulia, na ukifunua kifuniko matone yanadondoka lakini moshi haupandi. Pitisha mkono juu yake: kama huhisi joto, uache. Wali una hatari yake ya pekee, kwa sababu mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto upya hakuiondoi. Kama lazima uende bafe, fika mlango unapofunguliwa, na usimame karibu na trei wanazozibadilisha mara kwa mara. Trei kubwa iliyojaa mpaka juu inavutia macho. Trei ndogo inayoletwa mara nyingi ndiyo ya kula.

Mwisho kabisa ni mgahawa wa mandhari: taa za kuning'inia, ukuta wa maua ya plastiki, sahani kubwa yenye chakula kidogo katikati. Mle unalipia kiti. Kama shughuli yako ni picha, au unamkutanisha mchumba na shangazi zako, ni pesa iliyotumika vizuri, maana siku hiyo hakuna anayeonja. Agizeni vinywaji na kitu cha kutafuna, kisha mkale kwa yule mwenye menyu fupi kabla hajafunga.